Sifuri za Wiki ya Senene

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hucheka peke yangu jikoni: siku ambayo mvua nusura inikoseshe mume, tena mvua ambayo ilikuwa haijanyesha bado. Keti nikusimulie. Tunachongoja ni maharage kuiva tu, nayo hayana haraka.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba yangu alifuga ng'ombe Songambele, nami, binti yake wa kwanza, nilikuwa nimeposwa na kijana wa Kihanga aitwaye Festo. Tulijuana kwa sababu ya shangazi yangu Anisia, aliyeolewa huko Kihanga. Nilikwenda kwake mwezi wa Novemba kumsaidia palizi, senene, wale panzi wa kuliwa, wakaanguka, na asubuhi kijiji kizima kikahamia mlimani na vikapu. Huko ndiko Festo aliponisemesha, mvua ikitupiga sote wawili, nami nikajifanya nina shughuli nyingi kwenye majani. Mapenzi ni kikohozi. Shangazi alijua kabla sijamaliza kukamua kanga yangu.

Festo alikuwa na mpenzi mwingine kabla yangu, na huyo ni mvua. Tangu akiwa shuleni aliweka kopo uani, mbali na migomba ili majani yasilidondoshee maji, na kila asubuhi alipima kwa rula na kuandika. Alipopata ukarani kwenye ofisi yenye kompyuta, aliihamishia miaka yake yote humo, kila siku na kisanduku chake, mashine ikamjumlishia wiki kwa wiki. Watu walimcheka kwamba anahesabu maji ya Mungu. Mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Basi akaja kwetu na mshenga wake kupanga siku ya harusi. Aliitaka iwe Novemba, maana Majilio ya kabla ya Krismasi yakishaingia padre hafungishi ndoa, na kungoja mpaka Januari aliona ni kungoja kiama. Baba akakataa. Novemba njia ya kutoka Kihanga ni tope tupu, akasema, na harusi ya kwanza ya nyumba yake haitakuwa ya wageni kusukuma gari. Hapo mshenga akatoa jedwali lililochapwa, safi, mistari imenyooka. Wiki zote za Novemba zilikuwa na mvua nyingi isipokuwa moja ya katikati, ambayo mwaka hadi mwaka ilionekana kavu. Mshenga akasema Mungu ametuachia mwanya. Baba aliigeuza karatasi huku na huku, kisha akakubali kwa sharti: atawaalika watu kwa neno la Festo, na neno hilo likimwaibisha, binti atabaki Songambele.

Mimi nilikuwa nimeingia na rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikainama kumimina, nikaiona ile wiki. Ilikuwa wiki ya senene, mwanangu. Ile asubuhi niliyolowa mpaka nikatetemeka, kwenye karatasi iliandikwa sifuri.

Sasa nifanyeje? Binti anayeposwa hasemi mbele ya wazee, sembuse kumpinga mchumba wake. Nikinyamaza, harusi itazama kwenye tope na nitamkosa. Nikisema, nitamwaibisha, na huenda nitamkosa vilevile. Nikaenda jikoni alikokuwa Shangazi, aliyekuja kwetu kwa shughuli hiyo, nikamnong'oneza. Akafuta mikono, akaenda kuketi mkekani pamoja na wageni, nami nikasimama mlangoni.

"Festo, baba," Shangazi akamwambia kwa upole, "hizi sifuri za wiki ya senene. Ulilitazama kopo ukalikuta kavu, au hukulitazama?"

Festo aliiangalia karatasi yake. Kisha akaniangalia mimi pale mlangoni, nikajua ameikumbuka ile asubuhi.

"Sikulitazama, Shangazi. Siku hizo tangu alfajiri niko mlimani, na nikirudi nakuta mbuzi wamelipindua. Visanduku vilibaki vitupu, vikaniudhi macho, nikavijaza sifuri."

Mshenga akaanza kukagua viatu vyake. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Mwanangu," Shangazi akasema, "sifuri ni ya mtu aliyetazama. Wewe hukuijua mvua ya siku hizo, na kutojua si ukavu."

Baba akacheka. Alicheka hata akaweka kibuyu chini. Akasema mambo ya kopo hayajui, ila kijana anayeweza kusema mbele ya wakwe kwamba hakutazama, huyo hata akimwachia ng'ombe zake, yeye Baba atalala usingizi bila wasiwasi. Tukafunga ndoa Januari, jua kali, vumbi jekundu limetupaka kuanzia viatuni hadi nyusini, na Baba akimuuliza Festo kama vumbi nalo lina kopo lake.

Novemba iliyofuata senene walianguka tena. Festo alitaka apime kwanza ndipo twende, nikamsubiri, na tulipofika mlimani majirani walikuwa wameshajaza vikapu. Tangu hapo wakianguka tunakimbia tu, na kisanduku cha siku hiyo tunakiacha kitupu.

Mwanangu, nimekuona na wewe unalo jedwali lako la mvua, na juzi ulipotoka safari ulizijaza siku ambazo hukuwepo. Mashine haitakuuliza ulikuwa wapi; itajumlisha chochote utakachoipa. Lakini iko siku mtu ataanika kahawa yake, atapanda mbegu yake ya mwisho au atamwozesha binti yake kwa neno lako. Ulipotazama, andika ulichokiona, hata kama ni sifuri. Usipotazama, acha patupu, na ukiulizwa, sema. Na wala si kwa mvua peke yake. Jirani ambaye hujawahi kukanyaga uani kwake, usimwandikie kwamba hana wema. Sema humjui bado, kisha nenda ukabishe hodi.

Mungu akupe mvua ya kiasi, macho ya kuitazama, na mwenzi atakayekuokoa na aibu bila kukuaibisha.