Jana Saa Moja na Nusu Ulitazama Nini?

Kati ya taarifa ya habari ya Kiswahili ya saa moja jioni na ile ya Kiingereza ya saa tatu kuna muda mfupi ambao watu wa televisheni wa nchi hii wako tayari kung'oana macho kwa ajili yake. Wakati huo mtu amerudi nyumbani, amevua viatu, ugali uko mezani, na rimoti iko mkononi mwa mama wa nyumba. Ukipewa nusu saa hapo, umepewa shamba la kando ya mto. Mimi nilipewa, kila Jumanne saa moja na nusu, kisha nikanyang'anywa. Naeleza nilivyonyang'anywa kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mungu hakuhusika hata kidogo.

Nilikuwa naandika tamthilia ya familia moja ya Ruiru: mjane mkali, wanawe wawili, wake zao, na shamba ambalo mjane hataki kuligawa. Tulikodi nyumba Mugutha, nyumba ya ghorofa yenye geti jeusi, tukaifanya kuwa yake. Msimu mmoja ulikuwa na vipindi kumi na vitatu, na tulipiga picha chumba kwa chumba. Matukio yote ya jikoni siku hizi, ya sebuleni siku zile, hata kama moja lilikuwa la kipindi cha kwanza na jingine la mwisho. Ndiyo maana yule mke mdogo, mke wa mwana wa pili, aliweza kulia matanga asubuhi na kucheka harusini kabla ya chakula cha mchana, na gauni ni lile lile.

Stesheni haikuahidi misimu miwili kwa mpigo. Inakupa vipindi kumi na vitatu halafu inanyamaza. Kwa hiyo nilijifunza kuandika kipindi cha mwisho mara mbili. Katika mwisho wa kwanza mtu anabisha geti, mjane anainuka kwenye kiti, basi, tukutane msimu ujao. Katika mwisho wa pili kila kitu kinafungwa: shamba linagawanywa, na watu waliochukiana vipindi ishirini na tano wanasameheana ndani ya dakika nne. Tulipiga picha zote mbili, kisha tukangoja waamue ipi itaonyeshwa. Kuandika ule mwisho wa pili ni kumchongea mtoto jeneza huku ukimsikia akicheza uani. Nilifanya hivyo misimu yote miwili, na sikuzoea.

Mama yangu anaishi Witeithie, nyuma ya maduka ya barabarani. Televisheni yake imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na hukiinua tu wakati wa kutazama. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani, na hilo si jambo dogo kwake. Kila Jumanne saa mbili kamili, majina ya waigizaji yakiwa bado yanapita kwenye kioo, simu yangu ilikuwa ikilia nyumbani kwangu, mtaa wa Kahawa Sukari.

"Maitu," alikuwa akisema. Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Hiyo mama umeipea roho mbaya sana. Hata shetani hupumzika."

"Ni hadithi, Mum."

"Najua ni hadithi. Lakini hiyo bibi mdogo utaisaidia lini? Ngai, imeteseka!"

Sikuwa na mhakiki mwingine aliyenijali kiasi hicho. Hata wenzake wa kikundi, nikienda Witeithie, walinishika mkono getini na kuniuliza kwa sauti ya chini kama mzaliwa wa kwanza atapata shamba au hatapata. Mama aliyeigiza mjane, mtu mpole kabisa kutoka Thika, alinyimwa nyanya sokoni. Muuzaji alimwambia aende kwanza akawagawie watoto wake mashamba, ndipo arudi kununua. Tulicheka sana siku hiyo kule Mugutha. Nilijua tunatazamwa, na wala sikuhitaji karatasi ya kuniambia.

Karatasi ikaja. Tulikuwa tumeonyesha vipindi vitano vya msimu wa pili nilipoitwa Nairobi na mkuu wa vipindi, mwanamke mdogo wangu kwa miaka kama kumi, mwenye adabu, asiyeinua sauti. Alinigeuzia laptopu yake. Kulikuwa na mstari uliopanda vizuri hadi mwisho wa taarifa ya habari, kisha ukaporomoka ghafla. Mporomoko huo ulikuwa mimi.

"Nairobi mko sawa," akasema. "Nakuru mko sawa. Shida ni huko kwenu. Thika, Juja, Ruiru, wamama wa over forty-five. Hawa ndio mliniambia ni watu wenu, na ni kama hata hawawajui. News ikiisha wanahamia mahubiri."

"Hiyo si kweli."

"Si mimi nasema. Ni research."

Akanieleza utaratibu, nami nikasikiliza kama mwanafunzi. Kuna kampuni inayochagua nyumba kadhaa kila eneo. Kila asubuhi wanapiga simu, wanauliza: jana saa kumi na mbili ulitazama nini, saa kumi na mbili na nusu je, saa moja je, hivyo hivyo hadi usiku. Nyumba chache zinasemea mji mzima. Watengenezaji wa mafuta ya kupikia, ambao matangazo yao ndiyo yaliyotuweka hewani, walisoma majibu hayo na kuuliza wako wapi akina mama wanaokaanga. Kwa hiyo Jumanne saa moja na nusu ingepewa tamthilia ya ng'ambo iliyotiwa sauti za Kiswahili. Sisi tungehamia Jumapili, saa nane mchana, na baada ya hapo wangeamua kama kuna msimu wa tatu.

Nikamwambia kwamba Jumapili saa nane watu wetu hawako nyumbani. Ibada ya pili ndiyo inakwisha, ikiisha kuna mkutano, na mkutano ukiisha kuna mtu aliyejifungua anayepaswa kupelekewa uji.

"Watu wakipenda kitu wanakitafuta," akasema.

Wanamnyima mgonjwa chakula, kisha wanampima uzito. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia asante kwa muda wake, na hadi leo asante hiyo inanichoma.

Jumanne hiyo kipindi chetu cha mwisho katika saa yetu kilionyeshwa, na saa mbili kamili Mum akapiga, akiwa na machozi kwa sababu mke mdogo amefukuzwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia habari za Jumapili kwa simu. Kesho yake asubuhi nikaenda Witeithie. Alinimiminia chai, na kabla sijafungua mdomo simu yake ikalia. Akafuta mikono, akaketi wima, akabonyeza spika kwa kuwa sikio lake la kulia halisikii vizuri.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka na ya heshima. Ikapita saa moja baada ya nyingine. Mum akajibu kwa ile sauti yake ya kusoma matangazo ya kanisa.

"Na jana saa moja na nusu ulitazama nini?"

"Mahubiri," akasema mama yangu.

"Kwa stesheni gani?"

Akaitaja bila kupepesa jicho. Saa kumi na mbili zilizopita alikuwa amenililia masikioni kwa ajili ya mke mdogo, na sasa alikuwa ametulia tuli akimwambia mtu asiyemjua kwamba alikuwa anasikiliza neno la Mungu. Alipokata simu akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

"Mum, hao ni nani?"

"Ni watu ya research. Wamekuwa wakipiga tangu mwaka jana."

"Na huwa unawaambia hivyo kila Jumatano?"

"Sasa nitawaambia nini? Ati naangalia watu wakipigania mashamba na mabwana ya wenyewe? Mimi ni chairlady."

Nikamuuliza ilianzaje. Mama mmoja wa kampuni alipita na tableti, akamuuliza kama anajua akina mama wengine wa umri wake watakaokubali kupigiwa. Bila shaka alitaka kumaliza kazi yake mapema, arudi kwao. Mum, mtu wa kusaidia, akampa nambari za kikundi chake. Pamoja naye walikuwa kumi na mmoja.

"Na wote wanasema mahubiri?"

"Si tulikubaliana," akasema, akinishangaa. "Tukaongea kwa kikundi, tukapitisha. Huyu aseme hivi, mwingine aseme vile, tutaonekana aje? Kama watu hawana mwenyekiti?"

Wamama wa over forty-five wa Thika, Juja na Ruiru. Kumbe hao ndio waliokuwa wananishika mkono getini.

"Hawakukuuliza kama una mtu anafanya kazi ya TV?"

"Waliuliza kama kuna mtu ya hii nyumba. Wewe si wa hii nyumba, maitu. Wewe uliolewa."

Alilisema bila ubaya wowote, na ndipo liliponiuma zaidi. Nilimpandishia sauti mama yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata nikiwa msichana. Nilimwambia ameua kazi yangu kwa mdomo wake, na kwamba sasa tumesukumwa Jumapili saa nane. Nilimwambia kwamba watu arobaini wa Mugutha wanategemea lile neno moja analosema Jumatano. Akaanza kukusanya vikombe, hata changu ambacho sikuwa nimekinywa.

"Sikujua wanatumia hiyo kukufuta," akasema mwishowe. "Nilidhani wanataka tu kujua tabia ya watu."

"Basi wakipiga tena waambie ukweli."

"Nikigeuza peke yangu, nitakuwa nimeharibia wengine. Nitaipeleka kwa kikundi."

Kikundi hukutana mara moja kila miezi miwili, Jumapili, baada ya ibada ya pili.

Nilirudi kwa mkuu wa vipindi. Njia nzima nilijiambia kwamba ukweli una nguvu, kisha nilipoketi mbele yake nikagundua kwamba sina namna ya kuusema wote. Nikisema mmoja wao ni mama yangu, itaonekana mwandishi amepenyeza jamaa zake kwenye utafiti, na nani angeamini kwamba mtu anapenyeza jamaa zake ili wamwangushe? Kwa hiyo nikasema nusu. Nikasema nina hakika kwamba akina mama wa kanisa wa huku kwetu wanatutazama na wanaona haya kukiri.

Alinitazama kwa huruma, na afadhali angenitukana. "Kila mtu show yake ikianguka huniambia watu wanadanganya," akasema. "Unataka niende kwa watu wa mafuta niwaambie wamama wa kanisa ni waongo?"

Walikuwa waongo, na nilikuwa nawajua kwa majina.

Tukahamia Jumapili. Mambo yakaenda kama nilivyosema yangekwenda, na sikupata raha yoyote ya kuwa nilisema. Wiki ya saba ukaja ujumbe wa mistari mitatu: msimu wa tatu hautakuwepo, tafadhali tupelekee mwisho uliofungwa. Tukaupeleka. Tukakabidhi funguo za nyumba ya Mugutha, na mama wa Thika aliyeigiza mjane akaomba abaki na leso aliyokuwa akijifunga kichwani. Mimi na Mum tulikuwa tunaongea kidogo tu wakati huo, habari za afya na mvua. Sikumwambia kwamba tumekatwa. Nilitaka aone mwenyewe.

Jumapili ya mwisho nilitazama peke yangu Kahawa Sukari. Shamba likagawanywa. Mke mdogo akasamehewa kwa dakika nne. Kilipokwisha nikakaa na simu mapajani, kwa sababu mazoea hayana akili. Haikulia.

Ililia Jumatatu, karibu saa sita, na sauti yake ilikuwa imechangamka kama zamani.

"Maitu, tumemaliza hiyo maneno yako! Jana nimeiweka kwa agenda, tukaongea kutoka saa saba mpaka saa tisa. Wengine walikataa, lakini nikawaambia ni mtoto wetu. Tumepitisha. Leo asubuhi wamepiga, na wote kumi na moja tumewaambia jana saa nane tulikuwa tunaangalia yako."

Saa saba mpaka saa tisa walikuwa ukumbini mwa kanisa. Hakuna hata mmoja wao aliyeona chochote. Tangu tamthilia yangu ianze, hiyo ilikuwa siku ya kwanza wanawake wa Witeithie kuandikwa kwamba wameitazama, nao hawakuwa wameitazama.

"Sasa si watakurudisha Jumanne?" akauliza.

Nikamwambia kwamba jana ndiyo ilikuwa ya mwisho. Nilikuwa na maneno tayari, makali, niliyokuwa nimeyanoa kwa wiki saba.

"Maitu," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka kabisa. "Na wakipiga tena waniulize iliishaje?"

Yale maneno makali yote yakayeyuka. Nikaketi sakafuni, nikamsimulia kipindi chote tangu mwanzo, nani alisema nini na nani alilia wapi, ili asiaibike.