Betri za Matangazo ya Vifo

Betri zetu zilianikwa pamoja na omena. Mama alizipanga kwenye ukingo wa wavu, na jua la Kisegi likazikausha bila kuuliza ipi betri, ipi samaki. Zikishika joto, redio ilipata nguvu ya jioni moja zaidi.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Babu, baba wa baba yangu, alikuwa ameshafariki; kaka yake nyanya ndiye mwanamume pekee wa rika lao aliyebaki, na alikuwa amelazwa hospitalini Kisumu. Simu hatukuwa nayo. Angefariki, tungesikia jina lake kwenye matangazo ya vifo. Asipotajwa, yu hai. Kwa hiyo nyanya alikataza redio isifunguliwe kwa jambo lingine, hata kwaya za kanisa.

Jioni moja, baada ya mchana wa mawingu, redio ilikoroma ikanyamaza kabla ya matangazo.

Nyanya alikuwa Mjaluo wa ziwani, mama Mkuria wa Kehancha. Wakikutana kwenye Kiswahili, walitaniana, nyanya akimwita mama Nyar Kuria, binti wa Wakuria.

"Nyar Kuria, umeua redio."

"Imekufa kwa uzee, mama. Nipe msumari."

"Kwenu hata betri mnakamua?"

"Tunazinywesha. Ng'ombe mwenye kiu hatoi maziwa."

Mama alitoboa kila betri kando ya kijiti cheusi cha kaboni kilicho katikati, akadondosha maji ya chumvi, akaziba tundu kwa nta ya mshumaa. Siku hizi nasoma kuhusu wataalamu wanaosuka kaboni na plastiki zinazopitisha umeme, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zenye vitundu visivyoonekana, ili umeme upate mahali pengi pa kukaa. Nikisoma, naona kidole cha mama kikibonyeza nta.

Redio ikarudi, sauti ndogo kama ya mtu aliye ng'ambo ya maji. Nyanya akaegemeza sikio. Majina yakasomwa, kila jina na kijiji chake, na mkono wake ukatulia juu ya goti. Kisha mtangazaji akaaga, wimbo ukaanza.

Hakutajwa.

Nyanya alizima redio pale pale. Akatoa betri, akazifunga kwenye pindo la leso kiunoni, zipate joto la mwili mpaka kesho.

"Zitakuvujia, mama."

"Zivuje."