Dakika Nne za Sadoki

Sadoki Pallangyo alianza kutafsiri kanisani. Kwao ni Akheri, huko juu kwenye migomba na kahawa, na kila usharika ulipopata wageni kutoka Ulaya yeye ndiye aliyesimama pembeni ya madhabahu, kijana mwembamba ndani ya suti ya marehemu babu yake. Mgeni akisema sentensi moja, Sadoki anatoa tatu. Mgeni akinyamaza kutafuta ukurasa, Sadoki anaendelea. Wazee wakawa wanasema Mzungu huyu ana upako, kumbe upako ulikuwa wa Sadoki.

Akashuka mjini na kipaji hichohicho. Miaka tisa alikuwa DJ wa duka la muvi la dada Tekla pale Daraja Mbili. DJ wa kutafsiri, si wa kupiga muziki: anaifunika filamu ya kigeni kwa Kiswahili chake, yeye huyohuyo awe mume, mke, polisi na mbwa. Watu wanaleta flashi, mimi nawaingizia filamu, wanaondoka. Sheria ya kazi ni moja tu, usinyamaze. Mteja wetu akisikia kimya, anajua flashi ni mbovu.

Mwezi wa tano ikaja filamu ya Kimalayalam. Tekla akaandika "Kihindi", maana kwake India ni moja na wote wanacheza kwenye majani. Humu hakucheza mtu. Ni mvua, vilima vya chai, ukungu, na mwanamume ambaye mkewe alitoka na mwavuli asirudi. Jirani, mwanamke mwenye macho ya kukosa usingizi, anaanza kumletea chakula. Anampenda. Ila yeye na sisi hatujui kama jamaa kamuua mkewe. Hujui kama huyu ni wa kumwombea apendwe au wa kumwombea akamatwe. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Sadoki, nikasahau hata kutafuna karanga.

"Hapa kama kwetu," akasema. Kweli, ungedhani wamerekodia Akheri, mlima Meru ukishusha ukungu wake, ila wenzetu barabara zao zina lami.

Kuelekea mwisho jirani anafika mlangoni na chakula, anaukuta mwavuli wa yule mke umening'inizwa, unachuruzika maji. Anautazama mwavuli. Jamaa anamtazama yeye. Dakika nne, hakuna neno. Sadoki akazima maikrofoni.

"Unafanya nini wewe?" nikamuuliza. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalikuwa yameisha, lakini lini yeye alihitaji maandishi?

"Anaogopa kuuliza. Nikiongea nitakuwa nimemjibu."

"Acha falsafa, mwanangu. Tekla atakujibu wewe."

Alishaonywa. Rodrick wa Kijenge, anayetafsiri kama mtu anayefukuza nyani shambani, alikuwa anaitaka maikrofoni ile, na wateja walikuwa wameanza kumuulizia. Tekla alisema wazi: filamu hii ikikataliwa, kiti ni cha Rodrick. Sadoki alilijua hilo, akakiacha kimya kipite.

Jumatatu flashi zikaanza kurudi. Akaingia mzee Eliasi wa buchani, ameshika yake kwa vidole viwili kama panya.

"Shikamoo, mzee," Sadoki akasema.

"Marahaba. DJ, hii kitu imekufa."

"Haijafa, baba. Hapo ni kimya. Mwangalie yule dada usoni."

"Kimya ninacho nyumbani na mama Nelson. Hapa nimefuata kelele!"

Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, mzee alikuwa ameipatia.

Tekla hakucheka. "Kaka Sadoki, mpaka saa kumi ujaze hapo. Sema chochote. Sema ndiye muuaji."

"Lakini hatujui, dada."

"Basi leo tujue!"

Akakaa mbele ya kompyuta. Nikamwona anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua tena. Picha ikafika mlangoni, akairudisha nyuma, ikafika tena. Nikamnong'oneza sentensi mbili tatu za kipuuzi, azikope tu. Akatikisa kichwa. Saa kumi Rodrick akaingia na soda mkononi, Sadoki akasimama, akampisha kiti. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali.

Rodrick aliimaliza kwa mkupuo mmoja: "Mwavuli huo, muuaji huyo! Kimbia dada, kimbia, wali utaliwa na kuku!" Ikaenda Elerai, ikaenda Kijenge, ikapanda mpaka mlimani.

Sadoki naye alipanda, akarudi Akheri. Siku hizi anapima kahawa ya watu ghalani. Wiki iliyopita nilimtembelea, nikamkuta sebuleni na mama yake, Magreth, wanaitazama filamu ileile, ya Rodrick. Ikafika mlangoni. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu kijana anaeleza," akasema. "Hivi wewe, Sadoki, ile ya kwako uliimaliza?"

"Sikuimaliza, mama."

Mama akachukua rimoti, akaongeza sauti.