Sindano Iliyonifuata Maabarani

Bado nina hasira, ila sasa sijui nimkasirikie nani. Kampala nilikuwa mwalimu wa fizikia. Sisi Wahindi tulipofukuzwa Uganda nikaja London, nikapewa kazi ya kuandaa vyombo vya maabara. Juzi niliambiwa nitayarishe onyesho la profesa: sindano ndani ya bakuli la gliserini nzito, ikizungushwa na sumaku ya mashine iliyo chini yake. Kila nikiwasha mashine, sindano ilijikokota kidogo, kisha ikakwama imenielekea mimi. Nikamshuku Salim, Mzanzibari ninayefanya naye kazi, ambaye tangu mwanzo sikumwamini.

Profesa akaingia na wageni wake. Sindano ikakwama tena, nami nikalipuka.

“Salim, umeichezea mashine kusudi! Nimefukuzwa kule, unataka nifukuzwe na hapa?”

Salim akaizima mashine. “Bwana Mehta, hebu zunguka meza hii.”

Nikaizunguka kwa ghadhabu. Sindano nayo ikageuka polepole, ikinifuata kila nilikokwenda. Wageni wakaangua kicheko. Salim akanyoosha mkono, akachomoa kwenye mfuko wa shati langu sumaku kubwa ya akiba ya mashine ile. Nilikuwa nimeificha humo mwenyewe asubuhi, ili yeye asiiguse.