Jumamosi Tatu Nilizomnyima Baba Yake

Tulipoachana, mahakama iliamuru binti yetu awe na baba yake kila Jumamosi, na mimi nimkabidhi kwake kwenye stesheni ya treni ya Stratford saa nne asubuhi. Nilimpeleka miezi miwili. Kisha nikasikia yule bwana ameoa. Roho iliniuma, na Jumamosi tatu mfululizo nikampigia simu kumwambia mtoto ana homa.

Akarudi mahakamani. Jaji, mama wa makamo, alinieleza taratibu kwamba amri ile si ombi, na anayeivunja huadhibiwa, hata kufungwa. Akamgeukia mtalaka wangu, akamuuliza anataka nini.

"Sitaki aadhibiwe," alisema. "Namtaka mwanangu tu. Mama yake anamlea vizuri."

Sikuyatarajia maneno yale kutoka kwake. Jaji akaamuru nizifidie Jumamosi zile tatu, akanionya nisirudie.

Tulipotoka nje nilimwambia, "Niwie radhi. Mtoto hakuwa mgonjwa."

"Nilijua," akasema. "Alinipigia kwa simu ya bibi yake, akaniuliza kama nimeshamchoka."

Nililia pale pale, watu wakipita.

Jumamosi iliyofuata tulifika Stratford mapema. Alikuja na mkewe, msichana mdogo kuliko nilivyomdhania. Aliniamkia kwa adabu, nami nikamwitikia. Binti yangu akaondoka nao akicheka, hakugeuka nyuma, nikabaki nimesimama nikijilazimisha kufurahi kwa ajili yake.