Jina Nililolitaja Herufi kwa Herufi

Nakumbuka siku niliyomsifu baba mkwe wangu mbele ya watu wa kampuni, na mpaka leo, mwanangu, sifa ile imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Wengine hujuta matusi waliyotukana. Mimi najuta sifa.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nimeolewa kijiji hiki hiki unachokaa wewe, huku ng'ambo ya mto Musonoi, barabara ya kwenda Mutshatsha, na mume wangu alikuwa Fungurume akifanya kazi kwenye malori. Shule niliishia mwaka wa tatu. Lakini mdomo nilikuwa nao, na kwa ajili ya mdomo huo waliniweka katika komite ya kutetea udongo wetu. Kampuni ilikuwa imeleta karatasi inayosema kwamba toka mtoni mpaka kilima cha shaba ni pori tupu, halina mwenyewe. Makaburi ya babu zetu yamo humo. Mihogo yetu imo humo. Yamo matanuru ambamo wazee wa wazee waliyeyusha shaba kabla mzungu hajaiona nchi hii. Pori tupu, wanasema.

Wakatuita mkutano katika kanisa la mabati. Aliyesema kwa niaba ya kampuni aliitwa Firmin, ajenti wao wa mahusiano na wanakijiji. Jina lake nalitaja kwa makusudi, na mengine nitayataja. Pembeni yake alikaa Kasweka, kapita wetu, mkuu wa kijiji tuliyempigia makofi ya heshima kila tulipokutana naye. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu vipya. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi niliviona viatu tu, maana yake sikuiona.

Firmin alisema kwa upole kwamba karatasi za udongo hatuna, alama za mipaka hatuna, basi tunadai nini. Baada ya wiki tatu ingekuja komisyon ya serikali pamoja na mpima ardhi. Kama yupo mtu anayeweza kuonyesha mpaka kwa miguu yake, aonyeshe. Kama hayupo, mambo yamekwisha.

Damu ikanipanda. Nikasimama.

"Tata Kaumba eko," nikasema. "Yeye njo anajua mipaka yote, kichuguu kwa kichuguu, kaburi kwa kaburi. Paka yeye, yeye tu. Bila yeye hakuna mutu atajua, na kama yeye eko, hamutatuweza."

Watu wakapiga vigelegele. Baba mkwe, aliyekuwa benchi la nyuma, aliinamisha kichwa, nami nikadhani ni haya ya kusifiwa. Kwetu, wajua, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Hali naye. Akikutana naye njiani hukaa pembeni na kutazama majani. Miaka saba nilikuwa katika lupango lake, ua wa nyumba yake, nikimpikia bukari, ugali wetu, na sikuwahi kumtolea neno moja la heshima. Siku ile niliona nimepata nafasi.

Firmin akatoa kalamu. Akaniuliza jina hilo linaandikwaje. Na mimi, mtu wa mwaka wa tatu, nikamtajia K, A, U, M, B, A, kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kusifiwa na mwalimu. Kasweka akaongeza kwamba nyumba yake ni ile yenye mlango wa buluu. Firmin alinishukuru. Aliniambia nimesoma vizuri.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya mihogo, wakati mzee alipokuja akasimama karibu na mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, mgongo wake kwangu. Alipokuwa na neno la kuniambia, alimwambia mbuzi. Ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuongea bila kuvunja bukwe, mwiko huo wa wakwe, na wote lupangoni waliijua.

"Mbuzi," akasema, "nyumba iko na nguzo moja katikati. Mwizi alikuwa anazunguka inje, hajue pa kusukuma. Leo mutoto wa hii lupango amemuonesha nguzo. Amemuonesha na furaha."

Mchi ukanikaa mkononi. Nikamwambia mbuzi kwamba mimi nilitaka tu kumheshimu mzee.

"Mbuzi, najua," akasema. "Na weye pia tunakulisha muzuri juu ya Noeli."

Akaenda zake. Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Hawakuniambia kwamba ulimi wangu unaweza kuponza kichwa cha mwingine.

Kwanza alikuja Firmin na magunia ya unga. Akamwambia mzee kwamba kampuni imemtafutia nyumba Lubumbashi, na daktari wa macho. Mzee alimshukuru, akasema macho yake yanaona ya kutosha. Magunia yakarudi garini. Kisha ikaanza pikipiki isiyo na namba, watu wawili juu yake, kila alasiri inapita, ikifika mlango wa buluu inapunguza mwendo, na hawasalimii. Kisha simu. Mama mkwe alipokea sauti ya mtu mpole sana, akamwuliza kama kitambaa cheupe ameshanunua, maana bei inapanda.

Kisha akaja mtu aitwaye Bofala, ajida, mkubwa wa walinzi kwenye kizuizi cha kampuni. Alikuja saa sita ya mchana, jua utosini, peke yake, bila haraka. Akakaa kwenye kiti chetu, akaomba maji. Nikamletea, nikapiga magoti. Akanywa nusu. Halafu akamtazama mzee usoni na kuyamwaga yaliyobaki chini, polepole, mpaka tone la mwisho. Wewe unajua, maji chini tunawamwagia wafu.

"Hii ni ya kwako, tata," akasema. "Tunakupatia mapema, juu tusisahau."

Akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Ukoo ukataka mzee akimbilie Mutshatsha kwa dada yake. Akakataa. Akikimbia, komisyon itakuta hakuna anayejua. Akibaki, watamwondoa kabla haijafika. Pote pawili udongo unapotea, kwa sababu mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimeufanya udongo na mzee kuwa kitu kimoja. Ili kuumaliza udongo ilitosha kummaliza mzee. Aliona mlango mmoja tu wa kutokea: asiwe tena yeye peke yake anayejua.

Mama mkwe akaniambia kesho nibebe kikapu na nimfuate mbuzi. Ulikuwa msimu wa uyoga, wanawake wenye vikapu porini hawaulizwi. Mzee alitangulia, mbuzi nyuma yake kwa kamba, mimi wa tatu. Mke wa Kasweka alituona kwenye njia panda akacheka mpaka akashika mbavu.

"Leo mukwe na tata-mukwe banachunga mbuzi mumoja," akasema. "Bukwe bumekufa, na matanga hatukuambiwa."

Nikauficha uso ndani ya kikapu. Ningeweza kurudi. Mzee hakugeuka.

Kwenye kijito alimwambia mbuzi kwamba hapa ndipo udongo unapoanza. Akamwonyesha kichuguu chenye vichwa viwili, mti wa masuku, kaburi la babu yake lenye chungu kilichotobolewa. Mwisho akamwonyesha tanuru la kale, taka zake zimelala chini ya nyasi, nyeusi kama ukoko wa bukari ulioungua. Hapo akaiacha kamba, akageuka, akanitazama usoni.

"Mwana," akasema, na hakumwambia mbuzi, "mi nitaenda. Musiketi chini kunililia. Mukinililia, mulie mukitembea."

Tanuru likawa langu. Kila siku alimchukua mwingine, mwanamke leo, mwanamume kesho, na kila nyumba ikapewa alama moja ya kuishika na kuwafundisha wawili. Siku moja tulikuta pikipiki ile imesimamishwa njiani, imezimwa, na wale wawili wakituhesabu kwa macho. Tuliinama tukaokota uyoga, hata wa sumu, mpaka walipoondoka. Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu, lakini vidole navyo vinaogopa.

Siku mbili kabla ya komisyon, asubuhi, mzee akielekea shambani, gari la walinzi likamchukua. Bofala alikaa mbele. Nilimwona kwa macho yangu haya. Nilikimbia nikashika mlango, wakanipiga goti kwa kitako cha bunduki, nikaanguka, na gurudumu likafanya lililobaki. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia, na guu likavunjika vile vile.

Kesho yake tuliitwa Kolwezi kuutambua mwili wake. Karatasi ilisema ni mchimbaji aliyeangukiwa na shimo. Mzee wa miaka zaidi ya sabini, ambaye hajawahi kubeba gunia la mawe hata siku moja.

Komisyon ikatukuta matangani. Firmin alikuja nao, tai nyeusi shingoni. Alitupa pole, nafikiri hata machozi alikuwa nayo karibu. Kisha akasema yule aliyejua mipaka ametutoka, ni masikitiko, lakini komisyon haiwezi kumwuliza marehemu.

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka wa mjane, na mjane hanyanyuki kabla siku hazijaisha. Akanyanyuka. Alianza kulia na kutembea, akashika njia ya kijito, na wanawake wote wakamfuata wakilia, na wanaume nyuma. Mimi niliwekwa juu ya baiskeli ya kubebea makaa, mguu umefungwa kwa vijiti, nikasukumwa. Mpima ardhi, kijana mwenye soni, akatufuata na chombo chake. Kwenye kila alama mtu mmoja alisimama, akaweka mkono, akasema hapa ni pa nani na anapakana na nani. Kwenye tanuru nilisema mimi. Firmin alitembea na kalamu wazi akiuliza nani anaongoza. Akauliza mbele, akauliza nyuma. Alimwuliza Kasweka ni jina gani aandike. Kasweka akatazama kijiji kizima kinatembea na kulia, akafunga mdomo. Kalamu ile siku hiyo haikuandika kitu.

Sitakudanganya kwamba tulishinda. Upande wa mtoni na makaburi umebaki, ndio huo unaoulima. Kilima cha shaba walikichukua, na leo ni shimo ambalo hata mvua imeshindwa kulijaza. Kampuni imebadili jina kama nyoka avuavyo ngozi. Bofala alihamishwa, hakuitwa mahakamani. Firmin ana nyumba ya ghorofa Kolwezi. Kasweka anakaa benchi la mbele kanisani na anapokea mkono wa amani. Mimi simpi. Padri amenionya mara mbili. Aniombee, lakini mkono sitoi, na majina yao nitayataja mpaka nife, kwa sababu hakuna hakimu aliyeyataja.

Sasa nisikilize, maana sikuiandika hii ili unionee huruma. Kampuni mpya inautaka huo upande uliobaki, nanyi vijana mna komite yenu. Jana nilikuona kwenye mkutano ukimpiga picha Odette amesimama anasema, ukaituma kwenye simu za watu wote, na chini yake ukaandika kwamba huyu ndiye simba wetu, bila yeye tumekwisha. Ulifanya kwa upendo. Najua ulifanya kwa upendo. Mimi pia. Ifute leo, kabla hujala, kisha uende kwa Odette umwombe msamaha, na umwulize anachokijua yeye peke yake, akufundishe, na wewe ufundishe wawili.

Umpendaye, msifu ndani ya nyumba. Wakija na kalamu wakiuliza mkubwa wenu nani, mwambie ni kijiji, na kijiji kina herufi nyingi mno kwa karatasi yake. Anayetishwa asilale peke yake, asiende shamba peke yake, na asione haya kusema kwamba ametishwa. Mzee wetu alilificha lile la kikombe kwa majirani, na hilo nalo lilikuwa kosa, ingawa lake. Jina la mnyonge lifunike. Jina la mwizi litaje kwa sauti. Na mtu akikukemea, hata kama anamwambia mbuzi, usingoje aseme mara ya pili.

Mungu akupe miguu isiyochoka na mdomo unaojua saa yake. Udongo huu ukulishe siku nyingi. Uzeeke, mwanangu, mpaka meno yaishe. Uugue ugonjwa wa wazee, ufe mkekani pako, na uzikwe na wajukuu zako mchana kweupe, kila mmoja akijua kilichokuua.