Kulala na Uso Mkavu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu hapa kijijini kwetu Daudi wanasimulia habari za Arusha na Dodoma. Mimi nikifika mnadani nikarudi najiona nimesafiri, na hata sijavua viatu nauliza kama kuku wamefungiwa. Kwa hiyo ugonjwa uliponitafuta haukupata shida. Ulinikuta kitandani.

Nilikuwa nakoroma. Sisemi kukoroma kwa mtu aliyechoka na jembe. Jirani mmoja aliyepita alfajiri alimuuliza mume wangu kama tumenunua mashine ya kusaga. Mume wangu ni mpole. Alimjibu kwamba ndiyo, ila bado iko kwenye majaribio. Wakati huo alikuwa ameshahamia chumba cha watoto, ambao ni wakubwa na wameondoka. Alidai huko kuna dirisha zuri. Dirisha lenyewe linatazama banda la ng'ombe.

Kukoroma kungebaki kichekesho kama si usingizi wa mchana. Nilisinzia kanisani hadi aliyekaa pembeni akawa ananifinya kila mahubiri yakianza, kama sehemu ya ibada. Nilisinzia nikichambua maharage, nikazinduka nikakuta mazuri nimewatupia kuku na mabovu yako kwenye sufuria. Watu walicheka, nami nilicheka. Mtu akijicheka mapema, wenzake wanabaki na kidogo cha kucheka.

Halafu ikaja siku tuliyokwenda kumwona mzazi, jirani yetu aliyejifungua. Tulikaa jikoni, moto unawaka, uji wa ulezi unazunguka, nami nikapewa mtoto nimpakate. Sikumbuki kusinzia. Nakumbuka kelele tu. Mtoto alikuwa ameteleza kutoka kifuani hadi mapajani, akakamatwa na khanga yangu, salama kabisa, wala hakuamka. Wanawake walicheka wakasema bibi na mtoto wote wamelala, nani amlee mwenzake?

Binti yangu alikuwepo, na mimba yake ya kwanza. Yeye hakucheka. Tulipokuwa tunarudi aliniambia bila kuniangalia, "Mama, nimefikiri. Nikijifungua nitamwomba mama mkwe aje akae na mimi. Wewe utakuja kusalimia."

Kusalimia! Mjukuu wangu wa kwanza, niende na sukari na sabuni kama kamati ya jumuiya, nikae kidogo, niage. Lakini nilichofanya alikiona kwa macho yake.

Hicho ndicho kilichonitoa nyumbani kwenda hospitali kubwa, mbali kiasi kwamba nilifunga chakula cha njiani kama mtu anayehama. Nilipimwa nikiwa nimelala, kipimo pekee maishani mwangu nilichofaulu bila kusoma. Nesi akanieleza taratibu: nikilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka kuitafuta, inarudi, inakatika tena. "Kwa hiyo mama unalala, lakini hupumziki," alisema. Nikapewa mashine ndogo inayosukuma hewa kwa mpira mrefu hadi kwenye barakoa. Barakoa ya kwanza ilikuwa kubwa, inafunika pua na mdomo. Kila asubuhi niliikuta chini ya kitanda, sijui nimeivua saa ngapi. Nesi akabadilisha, akanipa mpya, ndogo, ya pua tu, yenye mikanda ya kuzunguka kichwa.

"Barakoa ni kama viatu," aliniambia. "Usiseme vinakubana au havikubani ukiwa bado dukani. Nenda nayo nyumbani. Mchana, ukiwa macho, ivae ukifanya kazi za kukaa, uizoee. Isipokufaa irudishe, tutafute nyingine. Lakini ijaribu kweli."

Nikaanza kuijaribu kweli. Mchana nilikaa kwenye kochi, ungo wa maharage mapajani, pua imefungwa na mpira unaning'inia kifuani kama mkonga wa tembo. Nilichogundua mapema ni kwamba ukiivaa huwezi kuongea. Ukifungua mdomo, hewa yote iliyoingia puani inatokea mdomoni kwa kishindo. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu ya kutosha. Mke mdogo wa jirani alipita akasema, "Shikamoo mama." Nikainua mkono. Akadhani sijasikia. "Shikamoo!" Nikainua mikono yote miwili. Akaondoka kichwa chini, na jioni tukasikia analia kwao kwamba mama yule amekataa salamu yake na hajui amemkosea nini. Huku kwetu marahaba hainyimwi mtu hata ukiwa kaburini. Mume wangu ilibidi aende kumweleza kwamba mke wake hana kinyongo, ana upepo.

Aliyefurahia zaidi ni wifi yangu, dada wa mume wangu, rika langu, aliyeolewa na wafugaji huko Hirbadaw, Hanang. Alikuja kututembelea, akapiga hodi mara moja na kuingia kabla ya kukaribishwa, kama kawaida yake. Akanikuta na mkonga wangu. Nilijaribu kusema karibu. Ikatoka sauti ya tairi lililochomwa msumari.

"Wifi! Hatimaye wamekufunga mdomo! Kaka yangu ameliombea hili miaka yote."

Nikaivua. "Hii inafunga pua, siyo mdomo."

"Basi wamekosea mahali."

Alipomaliza kucheka alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga. Mashavuni nilikuwa na mistari miwili, imeingia kama njia ya mkokoteni. "Hii si sura ya kwenda kwa mkwe," alisema, akatoa kibuyu cha samli kwenye mzigo wake. "Paka hii jioni. Ng'ombe wa Hanang hawajawahi kuniangusha."

Nikapaka. Na hapa ndipo mambo yalipoharibika, ingawa sikujua kwamba mimi ndiye ninayeyaharibu. Barakoa ilianza kuhama usoni. Upepo ukavujia pembeni mwa pua ukanipiga machoni, na ikapiga mluzi kiasi kwamba mume wangu aliuliza kutoka chumba cha pili kama chai imechemka. Nikamwita aikaze mikanda. Yeye maisha yake yote amefunga mizigo juu ya punda, na alinifunga kwa ujuzi huo huo. Mistari mashavuni ikawa mirefu zaidi. Kwa kuwa mistari imezidi, nikazidisha samli. Kwa kuwa samli imezidi, barakoa ikateleza zaidi. Naye akakaza zaidi. Asubuhi moja alinitazama usoni akatikisa kichwa. "Angekuwa punda," alisema, "ningeshamwonea huruma nikamfungua."

Usingizi wa mchana, uliokuwa umeanza kupungua, ulikuwa umerudi wote. Kichwa kilikuwa kinauma tangu naamka. Na binti yangu alikuwa ameingia mwezi wake wa kujifungua. Mama mkwe wake, mama mzuri ambaye sikuwa na sababu ya kumchukia lakini nilikuwa naitafuta, alishaanza kufungasha. Nikaona bora niseme ukweli: barakoa hainifai. Nikampigia nesi.

"Inavuja wapi, mama?"

"Pembeni mwa pua. Inanipuliza macho."

"Mikanda umeikaza?"

"Mume wangu ameikaza."

"Kiasi gani?"

Mume wangu, aliyekuwa amesogeza sikio, akajibu, "Kiasi cha kupanda mlima gunia lisihame."

"Nani huyo?"

"Ndiye mwenye punda," nikasema.

Nadhani nesi alicheka mbali na simu. "Legezeni. Mama, kabla ya kulala unapaka nini usoni?"

"Sipaki kitu."

"Hupaki kitu kabisa?"

"Kitu gani? Mafuta tu."

"Mafuta gani?"

"Ya mgando. Halafu juu yake samli."

"Mama," alisema polepole, "hiyo barakoa haijawahi kugusa ngozi yako tangu nikupe. Inagusa samli. Inateleza kama ambavyo ingeteleza juu ya sufuria. Jioni nawa uso kwa sabuni, ufute, lala hivyo hivyo. Mafuta paka asubuhi. Na hiyo barakoa yenyewe ioshe. Usinirudishie kitu ambacho bado hujakivaa."

Mtu wa mahali penye joto hawezi kuelewa alichoniomba. Huku juu baridi ya Juni inapasua uso kama udongo wa kiangazi. Kujipaka mafuta hatukuhesabu kuwa ni kujipaka kitu. Ni sehemu ya kuvaa. Mama yangu alitupaka mpaka masikioni, asubuhi na jioni, tuking'aa kama sufuria mpya, na alikuwa na usemi wake: mtoto akionekana na uso mkavu, watu watauliza kama mama yake yupo. Nimesoma hadi kidato cha nne, na karatasi ya maelezo ya mashine niliisoma yote kwa Kiingereza changu cha kuungaunga. Palikuwa na mahali pameandikwa uso uwe safi. Nikasema moyoni, wangu ni safi, tena unang'aa.

Jioni ile nilinawa kwa sabuni, nikajifuta, nikahisi kama nimetoka mbele za watu bila kujifunga khanga. Ngozi ilinivuta. Mume wangu alilegeza mikanda hadi kidole chake kikapita chini yake, akashangaa kwamba mzigo haukuanguka. Haukupiga mluzi pia.

Sitadanganya kwamba niliamka nimekuwa msichana. Siku za mwanzo nilichoona ni kwamba mistari inafutika kabla chai haijaiva. Kisha asubuhi moja niliamka nikadhani mashine imeharibika kwa jinsi kulivyokuwa kimya, na kichwa hakiumi, na pembeni yangu kuna mtu. "Nilikuja kuangalia kama uko hai," alisema mume wangu. "Hukusikika. Nikakaa kusikiliza, nikapitiwa." Nilimuuliza habari za dirisha lake zuri. Akasema limeanza kupitisha baridi.

Nikikamatwa na mafua haifai kitu, pua ikiziba ndiyo basi. Na bado sipendi sura yangu nikiwa nayo. Lakini nilianza kuchambua gunia la maharage hadi chini, kila moja mahali pake, na kanisani jirani yangu akakosa kazi ya kunifinya. Nadhani alisikitika kidogo. Mahubiri, nilipoyasikia yote kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, niliona ni marefu.

Binti yangu hakuniuliza mimi. Alimpigia baba yake, nami nilikuwa karibu, nikasikia.

"Baba, mama bado anasinzia?"

"Mama yako? Siku hizi anaona kila kitu. Tunateseka."

Basi binti yangu akasema, "Mwambie aje. Mama mkwe atakuja kusalimia."

Nilifunga mashine katikati ya khanga, kama yai, nikaenda Dongobesh anakokaa na mume wake. Kwangu hiyo ni safari. Niliaga hadi ng'ombe. Mkwe wangu alinipokea mzigo, akasema, "Shikamoo mama," na kabla hata sijakaa akanionyesha soketi mpya aliyoweka karibu na kitanda changu. Nimepewa zawadi nyingi za heshima maishani, lakini hakuna iliyonigusa kama ile soketi.

Mtoto alikuja salama. Msichana, mwenye nywele nyingi na hasira.

Asubuhi moja baada ya kumwogesha, binti yangu alikaa ukingoni mwa kitanda, mtoto mikononi, akanitazama usoni kwa muda. Nilijua anaangalia macho, kama yana usingizi.

"Mama, uso wako umekauka hivyo, hujapaka mafuta?"

"Bado. Nimetoka kulala sasa hivi."

"Umelala vizuri?"

"Si unauona uso?"

Akatabasamu. Akamweka mtoto mapajani mwangu, akaweka kopo la mafuta pembeni, akachukua ndoo ya maji ya moto. "Basi mpake huyo kwanza," alisema. "Mimi naenda kuoga." Akatoka. Akarudisha mlango nyuma yake, akaufunga. Hakumwita mtu aje kukaa nasi.

Nikachota mafuta kwa kidole, nikayayeyusha kiganjani. Nikaanzia kwenye paji la uso, nikashuka mashavuni, nikafika hadi nyuma ya masikio, kama nilivyofundishwa. Yeye havai barakoa. Anaweza kung'aa atakavyo. Alisinzia kabla sijamaliza shavu la pili. Mimi nilikuwa macho.